Andika Sitini na Nne

Piza ilikuwa ya bure, na hilo peke yake lilitosha kumtia Verlin Stidham wasiwasi. Alisimama mlangoni mwa kantini ya shule, kofia mkononi, akayahesabu maboksi. Kumi na manne. Katika kaunti yao mtu hakulishi bure ila kuna kitu anataka kukuuzia: bima ya mazishi, mashine ya kufyonza vumbi, au mgombea wa usherifu.

"Nani kalipia?" akamuuliza mkewe.

"Nitajulia wapi? Kaa ule."

"Nitakula, lakini sisaini kitu."

"Verlin, tumekuja kusaini."

Twila alikuwa mpishi wa kantini hiyo hiyo. Meza zile alikuwa akizifuta siku tano kwa wiki, mwaka wa tisa sasa, lakini hajawahi kukaa hata kwenye moja. Jioni ile ya Januari alikuja kama mzazi. Alivaa sweta la kanisani na kupaka rangi ya mdomo, akakaa wima kama anapigwa picha. Binti yao Delsie, miaka kumi na saba, mkali wa hesabu, alishakaa mbele ya kompyuta, vidole tayari.

Chuo cha Dunmere kilikuwa kimemkubali Delsie tangu Desemba. Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu, na barua ya kumkubali ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa friji mpaka mafuta ya kukaangia yameanza kuirukia. Kilichobaki kilikuwa swali moja tu: nani atalipa? Mwaka mmoja, ada, bweni na chakula, ni dola elfu ishirini na sita. Verlin aliposikia bei hiyo mara ya kwanza aliuliza kama bweni unaondoka nalo.

Mwenye shughuli jioni ile alikuwa Bi. Ostrander, mshauri wa wanafunzi. Alitoka Ohio mwaka juzi, na ingawa Ohio ni mwendo wa saa tatu kwa gari, kwa watu wa pale ilitosha kabisa kumshuku mtu.

"Wazazi wangu wapendwa," alisema, "fomu hii ndiyo inayoiambia serikali na chuo mtoto asaidiwe kiasi gani. Najua kodi za mwaka jana hamjazipeleka bado. Msiogope. Leo tunakadiria tu."

Neno hilo, kukadiria, lilimkaa Verlin vizuri. Kumbe siyo lazima uape.

Meza ya jirani alikaa Hoyt, mtoto wa ami yake Verlin, dereva wa lori la kampuni ya gesi, mtu wa pikapu mpya kila baada ya miaka miwili. Na kama ilivyo kawaida ya Hoyt, hata akinong'ona anasikika mpaka kwenye masinki ya kuoshea vyombo.

"Twila!" mtu akaita kutoka upande wa pili. "Huku tishu zimeisha!"

Kulikuwa na watu arobaini mle ndani wenye miguu mizima. Twila akasimama kabla hajajua kama amesimama, akaenda zake stoo.

Ndipo Bi. Ostrander alipofika mezani kwao na kalamu yake. "Bwana Stidham, kipato chako cha mwaka jana. Kwa kukadiria."

Verlin akakohoa. Alikuwa fundi wa breki za malori kwenye gereji ya barabara kuu, na mwaka ule aliingiza elfu ishirini na nne, pamoja na ile Jumapili aliyolala chini ya trela mpaka akapata kichomi.

"Mimi sitini na mbili," Hoyt akatangaza meza ya jirani. "Andika sitini na mbili, mwanangu, usiogope."

Sasa, tusimwonee Verlin. Maisha yake yote alikuwa amejaza fomu: ya mkopo wa gari, ya kupanga nyumba, ya jiko la kulipa kidogo kidogo. Na zote zilikuwa na tabia moja. Ukionekana unacho, unapewa kiti. Ukionekana huna, unaambiwa, "Tutakupigia simu." Nani angefikiri ipo fomu moja duniani inayowapenda wasionacho?

"Sitini na nne," akasema.

"Elfu?"

"Sasa ziwe senti, mama?"

Delsie akageuka. "Baba?"

"Andika sitini na nne."

Bi. Ostrander aliitazama ile jaketi yake ya kazini yenye doa la grisi. "Una uhakika, Bwana Stidham? Kwa sababu namba hii ndiyo inayo..."

"Kwani nyie watu wa Ohio mnadhani huku tunakula mizizi?"

Mwanamke akawa mwekundu mpaka masikioni. Alishuku, kwa nini asishuku? Lakini mgeni hamwambii mwenyeji mbele ya ndugu zake kwamba hawezi kuwa anapata pesa hizo. Akaomba radhi, akahamia meza nyingine. Twila aliporudi na tishu, akaonyeshwa pa kusaini chini ya saini ya mumewe, akasaini kwa mwandiko wake mzuri bila kusoma, maana walishaanza kumwita tena, safari hii ni chumvi.

Delsie alikuwa ameiandika ile namba, lakini ilibaki kichwani mwake. Nyumbani kwao mshahara hauambiwi mtoto. Sitini na nne! Halafu vile vyuma vya kunyoosha meno, "hela hakuna". Safari ya bendi ya shule, "hela hakuna". Hela ilikuwepo, basi. Sasa ilikuwa inakwenda wapi?

Mwezi wa tatu walikwenda kukiona chuo. Aliyewatembeza alikuwa mwanafunzi mmoja aitwaye Prescott, kavaa kaptura kwenye baridi ya kukata masikio, na alitembea kinyumenyume. Alishuka ngazi kinyumenyume, akazunguka chemchemi kinyumenyume, midomo haisimami.

"Huyu mbona hageuki?" Verlin akanong'ona.

"Baba, wote wanatembea hivyo. Ili tumsikie."

"Anatuzuia tusione kilichoko nyuma yake."

Kilichoko nyuma yake kilikuwa bweni. Prescott akawafungulia chumba cha mfano: vitanda viwili, meza mbili, dirisha moja. Mwenzako wa chumba, alisema, chuo ndicho kinachokutafutia.

"Kwa hiyo binti yangu atalala na mtu asiyemjua?"

"Mimi nilikujua wiki sita," Twila akasema, "na nimelala na wewe miaka ishirini."

Wazazi wengine wakacheka. Verlin akavuta kofia mbele.

Walipopita jengo la hesabu, mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani, kuta tatu zote zilikuwa ubao, zimejaa maandishi kutoka sakafuni mpaka juu, na wanafunzi wanne walikuwa wanagombana kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Delsie alisimama. Msichana mmoja mle ndani akamwona, akamnyooshea chaki. "Wewe, njoo utuamulie. Huyu anasema nimeruka hatua." Delsie aliingia. Kundi likaondoka, Prescott akaondoka kinyumenyume, na Twila akarudi kumtoa baada ya dakika kumi, Delsie mikono imejaa vumbi jeupe, uso kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia.

"Kweli alikuwa ameruka hatua," akamwambia mama yake.

Chakula cha wageni kilikuwa dola kumi na moja kwa kichwa. Verlin akalipa vichwa viwili.

"Baba, wewe huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi umekula nini?"

"Kula, we mtoto."

Akajaza maji ya bure kwenye glasi, akakaa kuyanywa polepole kama supu. Delsie alimtazama kwa jicho ambalo halikuwa zuri. Elfu sitini na nne, na mtu anashindwa kujinunulia mkate na nyama. Alianza kuamini kwamba baba yake hana ufukara wowote, ana uchoyo.

Barua ya Dunmere ilifika wiki ya pili ya Aprili, bahasha nene. Juu kabisa: Hongera! Hii ndiyo barua yako ya tuzo. Chini yake mistari mitatu na namba. Tuzo ya ufaulu, elfu sita. Tuzo nyingine yenye herufi za kifupi, elfu tano na mia tano. Tuzo ya tatu, herufi za kifupi zaidi, elfu kumi na nne na mia tano. Jumla ya tuzo: elfu ishirini na sita. Unachodaiwa: sifuri.

Twila aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, kisha akaisoma kanisani Jumapili mbele ya watu wote, na mchungaji akaomba kwa dakika saba. Mchana wakala keki. Hata Verlin alitabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo. "Sifuri," akawa anasema. "Kwa hiyo hao watu wana shida gani?"

Jumatatu Delsie akasoma ukurasa wa nyuma, ulioandikwa kwa herufi za sisimizi.

"Mama. Hii tuzo ya pili ni mkopo. Nitailipa mimi."

"Hiyo ya pili. Na ya tatu?"

"Ya tatu ni mkopo pia. Wa mzazi. Wa Baba." Akapiga hesabu. "Kila mwaka, miaka minne. Inafika elfu hamsini na nane, bila riba."

"Mkopo unaitwaje tuzo?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mtu akikukopesha ndoo, anakupa hongera?"

Verlin akasimama. Alikuwa ameshavaa kofia. "Nilisema mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alionekana mwenye raha. "Tangu siku ya piza nilisema."

Ofisi ya Bi. Ostrander ilikuwa na viti viwili vya wageni na picha ya paka. Verlin hakukaa.

"Wanakulipa ngapi?"

"Nani, Bwana Stidham?"

"Hao wa chuo. Kwa kila kichwa unachowapelekea."

"Hakuna anayenilipa. Na hiyo barua, nakubali, imeandikwa vibaya. Mimi mwenyewe hunikasirisha. Lakini ..." Akavuta droo, akatoa faili, akasita. Halafu akaona bora yaishe. "Familia nyingi za hapa hupata ruzuku. Pesa za kupewa, hazirudishwi. Ya serikali, ya jimbo, ya chuo. Nyie hamkupata kwa sababu ya hii."

Akaisukuma fomu mezani. Verlin alinyoosha mkono, lakini Twila alikuwa na mikono ya jikoni, myepesi. Akaisoma. Akaileta karibu na macho, akaisoma tena.

"Elfu sitini na nne," akasema.

Verlin akamtazama paka wa kwenye picha.

"Twila, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa. Nyumbani utawasha televisheni." Akaiweka fomu chini taratibu. "Mimi ninazozijua ni ishirini na nne. Hizi arobaini nyingine ziko wapi?"

"Hakuna arobaini."

"Imeandikwa hapa, na umesaini. Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo unayemlisha, Verlin!"

Bi. Ostrander alitamani kutoka ofisini, ila ofisi ilikuwa yake. "Kama kuna kosa," akasema akiitazama kalamu, "linarekebishika. Chuo kinataka karatasi za kodi, na mzazi aliyetoa namba aende mwenyewe aeleze, kisha asaini upya. Mwisho ni tarehe moja Mei. Baada ya hapo nafasi ya Delsie anapewa mwingine."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Siku saba kati ya hizo zilipotea hivi. Verlin alikula maharage bila mkate wa mahindi, na katika nyumba za milimani kule, mwanamke akikuwekea maharage bila mkate, usimwulize saa. Twila alipekua pikapu kuanzia chini ya viti mpaka kwenye tairi la akiba. Akapata risiti ya saluni ya kike, akaitazama vizuri, akaona ni yake mwenyewe, ya Krismasi. Akapiga simu gerejini akijifanya mtu wa benki. Mwenye gereji akamwambia, "Twila, sauti yako naijua. Na kama Verlin anapata elfu sitini hapa, mwambie anikopeshe."

Hapo akaanza kushuku kitu kingine, kibaya kwa namna yake, akanyamaza akisubiri aambiwe.

Na Verlin hakusema. Kusema ilikuwa rahisi: hakuna mwanamke, hakuna hela, nilimsikia Hoyt nikaongeza mbili. Lakini kila alipofungua mdomo, yaliyotoka yalikuwa kuhusu hali ya hewa.

Siku ya nane, asubuhi, Delsie alimkuta uani amefunua boneti ya pikapu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Baba, nikuambie kitu?"

"Sema."

"Kama hela unazo na hutaki kunipeleka, sema tu hutaki. Nitatafuta kazi dukani. Siyo lazima unidanganye kwamba hamna."

Verlin alibaki na spana mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno ambalo mtoto anaweza kumwambia baba yake maskini. La kuambiwa ni tajiri mchoyo hakuwa amejiandaa nalo.

"Nenda, utachelewa basi," akasema.

Basi la shule lilipoondoka, akaingia jikoni, akaiweka bahasha ya kodi mbele ya Twila. Elfu ishirini na nne, mia moja na themanini.

"Hakuna mwanamke," akasema. "Hakuna hela. Ndiyo hiyo, yote."

Twila aliiangalia ile karatasi muda mrefu. "Ungekuwa na mwanamke ingekuwa afadhali. Ningejua nikampige nani." Halafu, akiwa amempa mgongo: "Ulitaja mbele ya Hoyt?"

Verlin akaivua kofia. Twila akachukua unga wa mahindi kabatini, akaanza kukanda.

"Vaa shati safi," akasema. "Kesho namwombea ruhusa shuleni, tunakwenda wote watatu."

Ofisi ya misaada ya fedha ya Dunmere ilikuwa na dirisha moja na foleni inayofika mlangoni. Nyuma ya dirisha alikaa kijana mwenye nywele zilizofungwa kisogoni, anayetafuna jojo. Verlin akapitisha karatasi kwenye tundu kama mtu anayelisha mnyama asiyemjua.

Kijana akalinganisha. "Hapa sitini na nne. Hapa ishirini na nne. Ipi ya kweli, mzee?"

"Ya pili."

"Sijasikia."

"Ya pili hiyo."

"Samahani, kioo hiki kinameza maneno. Nitajie namba."

Nyuma yake kulikuwa na watu wasiopungua ishirini. Twila. Mwanamume mwenye saa ya dhahabu. Na Delsie, begani pake kabisa, ambaye maisha yake yote hajawahi kuisikia namba hiyo.

"Ishirini na nne!" Verlin akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Elfu ishirini na nne. Kwa mwaka. Mke wangu tisa."

Foleni ikaendelea kuwa foleni. Mtu mmoja akapiga chafya.

"Sawa. Na ilikuwaje ukaandika sitini na nne? Lazima nijaze sababu."

Verlin akafikiria sababu tatu, zote nzuri. Akaziacha.

"Kulikuwa na watu," akasema.

Kijana akaacha kutafuna. Akaangalia kompyuta yake, akamwangalia tena. "Hiyo kwenye orodha hakuna. Ninayo 'kosa la kukadiria'."

"Weka hilo."

"Ndilo wanaloweka wote. Wiki hii wewe ni wa saba."

Wakakaa kwenye viti vya plastiki kwa saa mbili na nusu. Jina lilipoitwa, barua mpya ilikuwa na mistari sita, na Verlin akauweka mkono juu yake kabla mtu hajasema hongera. Akashuka na kidole, mstari kwa mstari.

"Hii. Ya kupewa au ya kurudisha?"

"Ya kupewa."

"Hii?"

"Ya kupewa."

"Nitajie kwa jina. Kupewa na nani?"

"Serikali, mzee."

"Bila kurudisha?"

"Bila kurudisha."

"Hata nikifa?"

"Verlin!" Twila akasema.

"Hata ukifa."

Mstari wa tano ulikuwa wa kurudisha, elfu tatu na mia tano, jina la Delsie. Wa sita haukuwa tuzo ya mtu yeyote: elfu mbili, walipe wenyewe, mia mbili kwa mwezi kwa miezi kumi. Mkopo wa mzazi haukuwepo. Verlin aliutafuta hadi ukurasa wa nyuma, akainua karatasi kwenye taa kuona kama umejificha. Kisha akaomba kalamu, akasaini, akaipitisha kwa Delsie naye asaini. Delsie akasaini haraka, ile D ikatoka na mikia miwili.

Kwenye maegesho Twila alikuwa anacheka peke yake na kujifuta macho kwa mkono wa sweta. Wakabanana kwenye kiti kimoja cha pikapu, Delsie katikati. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama kawaida yake akipiga hesabu. Ishirini na nne, jumlisha tisa. Toa kodi ya nyumba. Toa mafuta ya gari, umeme, dawa za Mama. Toa viatu vyake mwenyewe, vile ambavyo alivinunia kwa sababu vilikuwa vya bei rahisi. Alipofika Agosti akawa amekwama. Akaanza upya kuanzia Januari, na safari hii akakwama Julai.

"Baba," akasema. "Haitoshi. Nimerudia mara mbili, haitoshi."

"Haijawahi kutosha," Verlin akasema, akawasha gari. "Funga mkanda."